Mkarafuu wa Ishirini na Nne

Bwana Asaa Rehani alikuja na kalamu mbili,
moja ya wino, moja ya risasi,
akaketi ukumbini kwetu, Kiuyu Minungwini,
siku ya arubaini na moja.
Baba ameacha mikarafuu ishirini na minne.
Thumni ya mke: mitatu, ya mama.
Sudusi ya mzazi: minne, ya Bibi Time
aliyemzaa, kisha akabaki kumzika.
Iliyosalia kumi na saba:
sisi wanawake watano, mmoja mmoja;
kaka zetu sita, miwili miwili.
"Tazameni," akasema, "halikubaki hata konyo."

Na kweli ilikuwa nzuri.
Nasomesha hesabu, uzuri wake naujua nikiuona.
Watu waliokwisha kufa karne na karne
walikaa hivi hivi, msiba haujapoa,
wakakata nusu, wakakata robo, wakakata thumni,
na wasichokijua wakakiita "kitu"
wakakiandama mpaka kikajitaja jina.
Nadhani aljebra ilijifunza kutembea
katika nyumba zilizofiwa.

Bibi Time hakuwa akisikiliza.
Alikuwa na ukili wake mapajani, anahesabu miyaa:
mosi, pili, tatu, nne, tano,
mtandatu, fungate, nane, kenda, kumi.
Utotoni tukimcheka: Bibi, sema sita!
"Sita mgeni," akitujibu. "Kaja na saba, kaja na tisa,
wamepewa maji ya kunywa, wakahamia na vitanda."
Mtandatu akaondoka bila kuaga.
Fungate kajificha chumbani kwa bi harusi,
mlango umefungwa siku saba, ndiyo maana hatumwoni.
Kenda bado hupiga hodi kwa wazee,
mara moja moja, anauliza kama kuna mtu anayemkumbuka.

Ukutani mwa jiko la Bibi kuna mkaa:
mstari kwa kila pishi, minne imesimama,
wa tano umelala juu yao kama shuka.
Hajui kusoma. Lakini kila msimu alijua
nani kachuma ngapi
na nani kaficha ngapi.

Sasa lisilosemwa ukumbini:
mti wa ishirini na nne ulianguka masika iliyopita.
Daftarini bado umesimama.
Tukapiga kura kwa vijiti, na kijiti kirefu kikawa changu.
Kaka Shaame akasema, "Shamba zima lina shimo moja,"
halafu akakohoa, akatazama viatu.

Nilikwenda peke yangu.
Baada ya wa ishirini na tatu, kabla ya mpaka,
maji ya mvua, mizizi juu, vyura wawili.
Nikarudi kumuuliza Bwana Asaa:
mbele ya jina langu umeandika nini?
"Moja," akasema. "Kwa wino."
Hesabu imetoka sawa.
Mti ndio haupo.

Jumatatu, darasa la sita, Mafunda binti Kombo akauliza:
"Mwalimu, sifuri ilizaliwa wapi?"
Nikampa ya kitabuni: Bara Hindi,
huko walikochoka kuacha pengo, wakatia nukta.
Waarabu wakaipa jina la kitu kitupu.
Kwetu ikafika na biashara, ikakaa dukani,
ndani ya daftari la wanaodaiwa.
Nikasema: sifuri si kukosa.
Ni kumshikia nafasi asiyekuwepo
ili waliopo wasisogee.
Mia moja na nne, ondoa hiyo ya katikati,
utaona watu wanavyopotea.

Nikachora duara ubaoni.
Chaki ikavunjika pale duara lilipokutana,
nami nikalitazama zaidi ya inavyopasa,
nikitarajia chura.

Mafunda mkono juu tena:
"Na ukitoa kitu kwenye sifuri, Mwalimu?"

Hilo, nikamwambia, ni somo la deni.
Kesho.